Kabla ya Kuitia Umeme Baskeli Yako: Maelezo kwa Mafundi na Wananchi

Kwa faida ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria, tunachapisha hapa maelezo yaliyotolewa mbele ya mafundi wa baskeli, masheha na wananchi kuhusu ufungaji wa mota ya umeme katika baskeli ya kawaida. Wananchi wanaombwa kuyasoma na kuyahifadhi.

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Masheha,
Ndugu mafundi, wazee wangu, mama zangu na ndugu wananchi,



 Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limeanza kuingia mitaani kwetu, nalo ni kuigeuza baskeli ya kawaida kuwa baskeli ya umeme kwa kuitia mota ndani ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Unguja na Pemba baskeli ni nini. Ndiyo inayomtoa mchuuzi wa samaki dikoni na tenga lake kumfikisha vijijini kabla ya jua kupanda. Ndiyo inayobeba majani ya ng'ombe, gunia la muhogo, dumu la maji na mtoto wa skuli. Kwa hivyo mtu akisikia kwamba baskeli ile ile aliyonayo inaweza kusaidiwa na umeme, ikapanda mlima bila ya yeye kushuka na kuisukuma, hapana ajabu akashawishika.

Mimi sikuja hapa kumkataza. Nimekuja kusema jambo moja, ambalo ningependa lishikwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuamua kama baskeli iliyo mbele yake inafaa kufungwa mota. Kufunga mota ni kazi ya pili. Umeme hauitengenezi baskeli mbovu. Unaupa ubovu wake nguvu. Mabaharia wetu wanajua kwamba tanga kubwa halipandishwi katika mlingoti uliooza, na hekima hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa katika karakana zetu.

MOTA NA VIFAA VYAKE

Ndugu Mwenyekiti, fikra hii si ngeni duniani. Tarehe 31 Disemba 1895 Bwana Ogden Bolton wa mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi namba 552,271 kwa baskeli yenye mota ya umeme ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni betri nyepesi. Betri za lithiamu-ioni za kuchajiwa ziliingia sokoni mwaka 1991, na tangu hapo uzito uliokuwa ukiwashinda watu umepungua sana.

Vifaa vinavyouzwa pamoja kwa ajili ya kazi hii kwa kawaida ni hivi: gurudumu lililokwisha kusukwa spoku, likiwa na mota ndani ya habu, kidhibiti, ambacho ni kisanduku kidogo kinachougawa umeme wa betri na kuupeleka katika mota, mpini wa kuzungusha kama ule wa pikipiki, au kihisio kinachowekwa penye pedeli ili mota isaidie pale tu mtu anapokanyaga, mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme, betri, na chaja yake.

Namna mota inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Katika mota nyingi za habu, ekseli haizunguki. Imefungwa imara katika uma wa baskeli, na koili za waya zimezungushiwa kwake. Sumaku zimebandikwa ndani ya ganda la habu. Kidhibiti kinapeleka umeme katika koili kwa zamu, kundi moja baada ya jengine, na sumaku zinafuata zamu hiyo, ndipo ganda linazunguka na gurudumu nalo. Hakuna brashi za kaboni za kulika, na ndiyo maana mota hizi hudumu.

Zipo aina mbili. Ya kwanza haina gia. Ganda linazunguka moja kwa moja na sumaku zake. Ni nzito, kiasi cha kilo 4 hadi 7, ni tulivu na ina vitu vichache vya kuharibika, lakini ikipandishwa mlima polepole na mzigo hupata moto sana. Isitoshe, betri ikiisha, sumaku zake humkokota mpanda baskeli. Ya pili ina gia ndogo ndani na friwili. Ni nyepesi, kiasi cha kilo 2 hadi 3, ina nguvu ya kuondokea na ya kupandia mlima, na umeme ukizimwa gurudumu linazunguka huru.

Kwa hali ya Pemba, yenye vilima na mabonde, na kwa wananchi ambao siku nyengine watalazimika kukanyaga wenyewe, aina hii ya pili ndiyo inayofaa zaidi. Tusisahau kwamba Unguja ilikosa umeme kwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Baskeli nzuri ya umeme ni ile inayobaki kuwa baskeli hata pale chaja isipopata pa kuchomekwa.

BASKELI NDIYO YA KUANGALIWA KWANZA

Ndugu mafundi, sasa naingia katika kiini cha mazungumzo yangu.

Baskeli nyingi za mizigo tulizonazo ni zile kubwa za fremu ya chuma, kama vile Raleigh za Uingereza, Phoenix za China, na Hero na Avon za India. Ni baskeli madhubuti, nazo zimewalea watu wengi katika visiwa hivi. Lakini zina mambo mawili ambayo muuzaji wa mota hatayaeleza.

La kwanza ni kipimo cha gurudumu. Mtu huambiwa kwamba baskeli yake ni "ishirini na nane", na gurudumu lenye mota nalo limeandikwa "28", akaridhika. Hizo ni ishirini na nane mbili tofauti. Tairi la baskeli kubwa ya zamani, lililoandikwa 28 × 1½, linakaa katika rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Gurudumu la "28" linalokuja na mota kwa kawaida ni la milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na tairi la moja halikai katika jengine. Kwa hivyo fundi asisikilize jina. Asome namba zilizopigwa ubavuni mwa tairi.

La pili ni breki, na hili ni zito zaidi. Baskeli hizi hutumia breki za fimbo za chuma, ambazo vipande vyake vya mpira huvutwa juu na kubana upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoku. Rimu za zamani zimetengenezwa kwa umbo linalofaa breki hizo. Rimu inayokuja na mota ni ya alumini na ina umbo jengine. Breki ya fimbo haiishiki. Maana yake ni kwamba mtu akitoa gurudumu la mbele la zamani na kutia lenye mota, kwa tendo hilo hilo ameiondoa breki yake ya mbele. Ameongeza mwendo na amepunguza uwezo wa kusimama, kwa siku moja na kwa spana moja.

Wapo watakaosema: tuisuke mota katika rimu ya zamani. Linawezekana kwa fundi hodari, lakini kwanza ahesabu matundu. Rimu za baskeli kubwa kwa kawaida zina matundu 32 mbele na 40 nyuma, na habu nyingi za mota zina matundu 36. Hazioani, na spoku isiyokaa kwa mpango hukatika, tena hukatika pale penye mzigo.

Ushauri wangu, kwa hivyo, ni kwamba mwenye kutaka umeme aanzie na baskeli ya fremu ya chuma yenye breki za waya zinazobana rimu kwa pande mbili, au yenye breki za diski, na ambayo uma wake wa mbele ni wa chuma usio na springi. Baskeli za namna hii zinapatikana kwa wingi miongoni mwa zile zilizokwisha kutumika zinazoingia bandarini. Baskeli kubwa ya breki za fimbo iachwe iendelee na kazi yake ya heshima iliyoizoea.

Pengine mtu atauliza: hivi breki ina uzito gani hata tuizungumze hivi? Naomba tufanye hesabu ndogo. Nguvu iliyomo ndani ya chombo kinachokwenda haiongezeki sawa na mwendo. Inaongezeka kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe. Mtu aliyezoea kwenda kilomita 15 kwa saa akifika kilomita 25 kwa saa, mwendo haujafika hata mara mbili, lakini nguvu inayotakiwa kuzuiwa na breki imekaribia mara tatu. Mtie na tenga la samaki nyuma, na mvua ya masika imeilowanisha rimu, halafu mtoto akatokea kichochoroni. Hapo ndipo breki inapojulikana uzito wake.

Ni kwa sababu hii nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kwamba baskeli inayohesabiwa kuwa baskeli, wala si pikipiki, mota yake isizidi wati 250 za kudumu, isaidie tu mtu anapokanyaga, na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Nawasihi mafundi wetu wauchukue mpaka huo kuwa kipimo chao. Atakayetaka chombo cha kilomita 50 kwa saa, anachotaka ni pikipiki, na pikipiki ina fremu yake, breki zake na masharti yake.

EKSELI NA MDOMO WA UMA

Ndugu Mwenyekiti, katika baskeli ya kawaida ekseli haina kazi ila kubeba uzito. Katika baskeli ya mota, ekseli ina kazi ya pili ambayo haionekani kwa macho. Kila mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kurudi nyuma kwa nguvu ile ile. Kinachoizuia isizunguke ni bapa mbili zilizochongwa ubavuni mwake, zinazokaa katika mdomo wa uma.

Bapa hizo ziko umbali wa milimita 10 tu. Mota ndogo inayotoa msokoto wa nyutoni-mita 40 huubana mdomo wa uma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 400, yote ikiangukia katika kingo za chuma chembamba. Mdomo ukipanuka, ekseli huzunguka, ikajinyofoa, ikazikata waya zake, na gurudumu likatoka. Likiwa ni gurudumu la mbele, mpanda baskeli huanguka kwa uso.

Kwa hiyo nawaomba mafundi mfuate utaratibu ufuatao bila ya kuruka hata hatua moja.

Kwanza, mota ya mbele isifungwe kabisa katika uma wa alumini wala uma wenye springi. Alumini haipanuki taratibu ikakupa onyo, hupasuka.

Pili, kama mdomo wa uma ni mwembamba kuliko ekseli, upanuliwe kwa tupa kidogo kidogo, kwa kujaribu kila mara, mpaka bapa ziingie kwa kubana. Mdomo uliopigwa tupa kupita kiasi hautengenezeki kwa kukazwa nati. Uma huo ubadilishwe.

Tatu, iwekwe washa yenye ulimi, na ulimi wake uingie katika mdomo au tundu la uma.

Nne, ufungwe mkono wa chuma wa kuizuia ekseli. Huu ni ubao wa chuma wenye tundu linaloshika bapa za ekseli, na ncha yake ya pili hukazwa katika mguu wa uma kwa kibano. Vifaa vyengine huja nao na vyengine haviji nao. Ukiwa haumo, fundi autengeneze kwa chuma kigumu cha unene usiopungua milimita 5. Kwa baskeli ya mzigo ifungwe miwili, kila upande mmoja.

Tano, waya zinazotoka katika ekseli zielekee chini, halafu zipinde kupanda juu. Maji ya mvua yatadondoka pale penye pindo badala ya kuufuata waya mpaka ndani ya mota.

Sita, nati zikazwe tena baada ya kilomita 20 au 30 za mwanzo, kwa sababu rangi na kutu vilivyokuwa katikati ya vyuma hubanika na nati ikalegea. Mwenye baskeli aambiwe arudi kwa ajili hiyo, na asitozwe.

BETRI NA CHAJA

Nakuja sasa katika sehemu inayogusa nyumba zetu na watoto wetu.

Betri ya lithiamu ya volti 36 kwa kawaida ni seli nyingi ndogo zilizopangwa katika makundi 10 yanayofuatana. Kila kundi likijaa huwa na volti 4.2, kwa hivyo betri nzima ikijaa huwa na volti 42, na chaja yake ni ya volti 42. Betri ya volti 48 mara nyingi ina makundi 13, nayo hujaa kwa volti 54.6. Zipo pia betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti, ambazo huhimili joto zaidi na hudumu zaidi. Hizo zina volti zao nyengine za kujaa, hata zikiandikwa "36" kama wenzake.

Nimezitaja namba hizi kwa sababu desturi yetu ni kuazimana. Chaja ya simu huazimwa, na hapana madhara. Chaja ya baskeli ya umeme isiazimwe. Ncha za chaja mbili zinaweza kufanana na kuingia, na moja ikawa ya volti 54.6 huku betri ni ya volti 42. Kadhalika, chaja ya betri ya risasi na asidi, kama zile za gari, isitumiwe kwa betri ya lithiamu. Kila chaja iandikwe kwa rangi isiyofutika volti zake na baskeli yake.

Seli ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi, iliyopondeka, iliyoingia maji ya chumvi au iliyounganishwa vibaya inaweza kupata moto wenyewe kwa wenyewe, na seli moja ikawasha ya jirani yake. Moto wake ni wa ghafla na moshi wake ni sumu. Katika jiji la New York, ambako wasambazaji wa vyakula wanatumia baskeli za umeme kwa wingi, watu 18 walikufa mwaka 2023 kwa mioto iliyotokana na betri za lithiamu. Wengi wetu tunaishi katika nyumba zilizoshikana, zenye mlango mmoja na ngazi moja, na wengine chini ya paa la makuti. Hatuwezi kulipuuza somo hilo.

Kwa hivyo betri ichajiwe mahali penye sakafu ya saruji au mawe, mbali na godoro, makuti na mafuta. Isichajiwe mlangoni wala chini ya ngazi, kwa sababu moto ukizuka utaifunga njia ya kutokea. Isichajiwe usiku watu wamelala. Isichajiwe ikiwa bado ina joto la safari au imetoka juani. Ipewe nusu saa ya kupoa. Betri iliyovimba, inayonuka, inayopata moto bila ya kutumika, au iliyowahi kuzama majini, itolewe nje ya nyumba na isichajiwe tena. Ikiwaka, watu watoke kwanza, wito wa Zimamoto ufuate, na mali iachwe.

Mafundi nao nawaomba wasifungue betri kwa kuunga seli za zamani za kompyuta na mpya pamoja ili kupunguza gharama. Ndani ya betri mna kadi ndogo inayolinda kila kundi lisizidi wala lisipungue. Betri isiyo na kadi hiyo haifai kuuzwa kwa mtu. Pia katika waya mkubwa unaotoka kwenye betri itiwe fyuzi, karibu na betri yenyewe. Hapa pana jambo la kutahadhari: mota iliyoandikwa wati 250 inaweza kufungwa na kidhibiti cha ampea 15, na volti 36 mara ampea 15 ni wati 540 wakati wa kupanda mlima. Waya na fyuzi vipimwe kwa ampea za kidhibiti. Maandishi ya mota yasitegemewe.

Betri ifungwe katikati ya fremu, chini, isiwe juu ya karia. Karia ni mahali pa mzigo, na uzito ulio juu na nyuma huifanya baskeli iyumbe.

CHUMVI, MAJI NA MATUNZO

Visiwa vyetu vimezungukwa na bahari, na chumvi haibagui. Baskeli inayobeba mwani mbichi au tenga la samaki hudondokewa na maji ya bahari juu ya habu ya nyuma mchana kutwa. Habu ya mota inastahimili mvua, lakini haikukusudiwa kupitishwa majini wala kuoshwa kwa mpira wenye kasi. Mwenye baskeli aifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Vichwa vya waya vipakwe grisi kidogo kabla ya kuunganishwa. Kwa anayebeba vitu vinavyodondosha maji, iwekwe sahani au kipande cha ngozi chini ya karia.

Betri isiyotumika kwa muda, kwa mfano mwenyewe akisafiri, isiachwe tupu wala isiachwe imejaa. Ihifadhiwe ikiwa nusu, mahali pakavu pasipo na joto.

Aidha, baskeli ya umeme haitoi sauti. Wazee wetu na watoto wamezoea kuisikia pikipiki kabla ya kuiona. Kwa hivyo kengele na taa ni vitu vya lazima.

HESABU YA MASAFA NA GHARAMA

Wananchi wengi huuliza: itanifikisha wapi? Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Mtu anayesaidia kwa kukanyaga, katika barabara ya kawaida, hutumia wati-saa 10 hadi 15 kwa kila kilomita. Kwa hesabu hiyo atapata kilomita 24 hadi 36, na akiwa na mzigo, upepo wa mbele au vilima, atapata pungufu. Anayetaka kutoka Chake Chake hadi Wete, njia yenye vilima, asitegemee kwenda na kurudi kwa chaji moja.

Umeme wa kuijaza betri hiyo, pamoja na unaopotea katika chaja, haufiki hata nusu ya yuniti moja. Hapa ndipo wauzaji husifu, na wanasema kweli. Lakini gharama yenyewe imo katika betri, kwani nayo inalika. Betri nyingi za lithiamu za kawaida huanza kupungua nguvu waziwazi baada ya kujazwa mara 500 hivi. Tuchukue mfano wa kukisia tu: betri iliyonunuliwa kwa shilingi 400,000, ikijazwa mara 500, kila mjazo umegharimu shilingi 800 kabla ya kulipia umeme. Mchuuzi aweke kando fedha hizo kila siku, kama anavyoweka za kununulia bidhaa. Asipofanya hivyo, siku betri itakapokufa atabaki na baskeli nzito na deni.

WAJIBU WA FUNDI NA WA MWENYE CHOMBO

Ndugu mafundi, mwisho naomba niseme juu ya neno moja ambalo ni gumu kulitamka mbele ya mteja, nalo ni neno "hapana". Mteja atakuja na vifaa vyake amekwishavinunua, pengine kwa fedha za kukopa au zilizoletwa na mwanawe aliyeko Oman au Uingereza. Atakuwa na haraka. Baskeli yake itakuwa na uma wenye kutu ya ndani au breki ya fimbo. Ukimkatalia, ataudhika, na huenda akenda kwa fundi mwengine wa mtaa wa pili.

Hata hivyo mkatalie, na umuoneshe kwa mkono wako sababu: muoneshe mdomo wa uma, muoneshe rimu ambayo breki haiishiki. Mtu akioneshwa huelewa. Halafu mafundi wa eneo moja wakubaliane kipimo kimoja, ili mteja aliyekataliwa kwa haki asipate kukubaliwa kwa jirani. Mkikubaliana hivyo, neno "hapana" halitamnyima fundi yeyote riziki yake.

Kila baskeli inayofungwa mota iandikwe katika daftari la karakana: jina la mwenyewe, volti za betri, ampea za kidhibiti, tarehe ya kufungwa na tarehe ya kukazwa tena nati. Daftari hilo litamsaidia fundi siku ya malalamiko, na litamsaidia mwenye chombo siku ya kutafuta chaja.

Kwa upande wa wenye vyombo, nakuombeni jambo jepesi. Kila asubuhi kabla ya kupanda, bana breki ya mbele na uisukume baskeli. Bana ya nyuma na uivute. Shika gurudumu la mota ulitikise kushoto na kulia. Angalia nati na mkono wa chuma. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Siku utakapogundua kitu kimelegea, usiseme utakaza jioni.

Kwa waheshimiwa masheha, ombi langu ni kwamba mawaidha ya betri yafikishwe majumbani, hasa katika nyumba za ghorofa na zilizoshikana za Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambako moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa.

Ndugu Mwenyekiti, chombo hiki kinaweza kumpunguzia mama wa mwani mwendo wake, kumpa mzee nafasi ya kulifikia shamba lake, na kumfikisha mwanafunzi skuli akiwa na nguvu za kusoma. Yote hayo yamo katika mikono ya fundi atakayeanza kwa kukagua uma na breki.